Leza ya nyumbani au mashine ya kunyolea: nini cha kununua kwa ngozi zetu

Nianze na jibu. Kama ngozi yako ni nyeusi, au maji ya kunde iliyokolea, usinunue leza ya nyumbani ya kutolea nywele. Vifaa vya kampuni kubwa vinakula mamia ya maelfu ya shilingi. Hela hiyo inanunua mashine nzuri ya kunyolea na chenji inabaki. Nalisema mapema kwa sababu matangazo yamejaa kwenye simu, mzigo unapandishwa basi Kariakoo na jioni unaupokea Dodoma, na wengi wanaoulizia ni dada na kaka wenye ngozi ambayo kifaa chenyewe kimekatazwa kuigusa.

Vingi vinavyouzwa kwa jina la leza si leza, ni IPL: taa inayotoa mimweko ya mwanga mkali. Mwanga huo hufuata melanini, ile rangi nyeusi ya unywele, ukageuka joto na kuunguza shina. Melanini hiyohiyo ndiyo iliyojaa kwenye ngozi zetu. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, mwanga unapita hadi shinani. Kwetu sehemu kubwa inaishia juu, ngozi inababuka, na ikipona inaweza kuacha doa linalokaa miezi.

Ukishika boksi dukani, tafuta mstari wa visanduku vya rangi, kuanzia mweupe hadi kahawia nzito. Visanduku hivyo vinafuata ngazi za ngozi zilizoanzishwa na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975. Mwanzoni zilikuwa ngazi nne, zote za watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa sita. Toka nje ya taa za duka, ulinganishe na ngozi ya mahali unapotaka kutoa nywele. Kisanduku cha mwisho kwa kawaida kina alama ya X, maana yake hairuhusiwi. Vifaa vya Philips Lumea na Braun vina kihisi kinachopima rangi ya ngozi na kugoma kutoa mwanga ikiwa nyeusi mno. Kikigoma, usidhani ni kibovu, kinakulinda. Ninachokiogopa zaidi ni kile cha bei rahisi kilichoandikwa mimweko 999,999, hakina kihisi, kinamwaga mwanga kwa yeyote.

Anayeweza kujaribu ni mwenye ngozi nyeupe au maji ya kunde ya kung'aa, nywele nyeusi, kwa miguu na kwapa, na mwenye subira. Nywele huota kwa zamu, na mwanga unazipata zile tu zinazokua wakati huo, kwa hiyo utarudia kwa wiki nyingi, na baadaye mara mojamoja ili zisirudi. Hata Marekani, mamlaka ya dawa FDA inaruhusu watengenezaji kusema nywele "zitapungua" kwa kudumu, si kuisha. Jua la Dodoma nalo liwe kwenye hesabu: ngozi iliyochomwa na jua inaungua haraka. Mvi hazishiki. Mjamzito aache. Wenye ualbino nao waache, nywele zao hazina rangi ya kutosha kuvuta mwanga.

Sasa orodha yangu kwa wengi wetu.

Ya kwanza ni mashine ya kunyolea, ya kwako peke yako. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini ya ngozi, ncha inajipinda na kuchoma ndani, ndivyo vinavyokuja vipele vya ndevu na vile vya kwapani. Mashine inaacha kisiki kifupi juu ya ngozi, kipele kinakosa pa kuanzia. Ukiwa dukani, itazame meno yake kwa karibu: lile linalotembea likae nyuma kidogo ya lile lililosimama. Yakilingana kabisa itanyoa kipara, na vipele vitarudi. Iwashe dakika kadhaa, uguse meno. Yakipata moto haraka, achana nayo. Chagua ya kuchaji, umeme ukikatika usikwame na ndevu nusu. Vumbi la huku linakausha meno, kwa hiyo kichupa cha mafuta yake kisikose. Na usiiazime: mapunye huhama na mashine.

Ya pili ni sukari na limau iliyopikwa mpaka iwe kahawia ya asali. Ni ya bei ndogo, na inang'oa nywele, zikachukua wiki kadhaa kurudi. Ila inauma, na nywele zinazorudi nazo zinaweza kuota ndani. Mwenye vipele tayari asiitumie.

Wembe ni wa tatu. Ukiutumia, lowesha kwa maji ya uvuguvugu, fuata nywele zinakolala, usivute ngozi, na wembe ukianza kukwaruza utupe. Dawa ya kunyolea ya krimu ni ya nne: jaribu kidogo mkononi siku moja kabla, usizidishe dakika zilizoandikwa, usipake kwenye kidonda.

Dada anayeota ndevu nyingi kidevuni, hasa kama hedhi imevurugika, aanze hospitali kabla ya duka. Mara nyingi ni homoni, na kifaa hakitibu homoni. Kuna wanawake ambao mwanga umewaongezea nywele za usoni badala ya kuzipunguza.

Mwenye ngozi nyeusi anayetaka leza kweli, ipo inayomfaa. Inaitwa Nd:YAG, ya mawimbi ya nanomita 1064. Inaingia ndani zaidi na melanini ya juu haiinyonyi sana. Ni ya kufanyiwa na mtaalamu wa ngozi, si ya kununua. Ukipata mahali, uliza mashine ni ya aina gani, nani ataishika, na kama wanajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri waone ngozi inavyoitika. Asiyejua namba 1064, usimpe ngozi yako.