Uzoefu wangu: kuhariri video za harusi Mtwara kwa DaVinci Resolve ya bure

Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi nilikuwa Newala na harusi mbili za kukabidhi ndani ya siku nne. Programu niliyokuwa naitumia ilikuwa ya kulipia kila mwezi, na usiku ule ikagoma kufunguka mpaka iingie mtandaoni kuhakiki akaunti yangu. Malipo nilishalipa, mtandao ndio haukuwepo. Ikabidi nipande gari kurudi Mtwara mjini kompyuta ikiwa mapajani. Kazi ya usiku mmoja ikala siku mbili, na mzee aliyeozesha binti yake hakunielewa hata kidogo. Alikuwa na haki.

Kuanzia siku hiyo nikawa natafuta kitu ninachoweza kukipakua mara moja nikiwa na bando, kisha kikafanya kazi popote, hata nikiwa Kitaya kando ya Mto Ruvuma. Msimu wetu huku ni mfupi: korosho ikiuzwa na wakulima wakilipwa, harusi zinafuatana, na mwenye sherehe anataka video yake kabla wageni hawajaondoka. Nikaangukia DaVinci Resolve, toleo la bure, na sijaiacha mpaka leo.

Asili yake inaeleza mengi. Jina hilo linatokana na kampuni iliyoanzishwa Florida, Marekani, mwaka 1984, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kusahihisha rangi za filamu na televisheni. Mwaka 2009 ilinunuliwa na Blackmagic Design ya Australia, na baadaye likatoka toleo la bure kabisa. Kwa hiyo hii ni nyumba ya rangi iliyoongezewa vyumba vya kukata picha na vya sauti, na kwenye kazi zetu rangi ndiyo kilio kikubwa.

Fikiria harusi ya mchana chini ya turubai la bluu. Jua linapita kwenye kitambaa, nyuso zote zinageuka bluu, na bibi harusi aliyeamka alfajiri kupambwa anaonekana kama mgonjwa. Ukurasa wa rangi una kipimo cha duara kinachoonyesha picha imeelemea rangi gani, na ndani yake unaweza kuwasha mstari wa ngozi. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe, huangukia karibu na mstari huohuo. Kinachotofautiana ni mwanga na ukolevu. Mimi hukuza picha mpaka libaki shavu peke yake, naangalia doa la rangi kwenye kipimo hicho limekimbilia wapi, halafu nalivuta taratibu lirudi mstarini. Zamani nilibahatisha kwa macho, nikiongeza mwangaza mpaka watu wanapauka. Inaniuma kuona video ambazo mhariri amewachujua watu weusi akidhani anawapendezesha. Mama mmoja wa Mikindani aliponiambia, "Mwanangu, hapa nimetoka mimi mwenyewe," nilijua nimeshika njia.

Lakini kilichonifaa kuliko programu yenyewe ni mafunzo yake. Kwenye tovuti ya Blackmagic Design kuna ukurasa wa mafunzo wenye vitabu vizima vya PDF, bure: cha wanaoanza, cha ukataji, cha rangi, cha sauti. Kila kitabu kina mafaili yake ya mazoezi, yaani video halisi unazofanyia kazi hatua kwa hatua. Hapo ndipo tofauti na kujifunza kwa video za mtandaoni ilipo. Video ya dakika ishirini inakula bando, na ukitaka kurudia inakula tena. Kitabu nilikipakua usiku mmoja na nikakisoma miezi mitatu bila kununua hata megabaiti moja kwa ajili yake. Ubaya ni Kiingereza. Kijana ninayemfundisha kazi anakisoma kwa shida, hivyo jioni tunakaa pamoja, mimi natafsiri, yeye anabonyeza. Ningefurahi sana kuona sura hata moja ya kitabu kile katika Kiswahili.

Programu yenyewe inazidi gigabaiti mbili kuipakua, na utajaza fomu ya jina na barua pepe kwanza. Kuwa mvumilivu, anza usiku.

Sasa mitego. Resolve haihifadhi kazi yako kama faili unaloliona kwenye folda. Inaiweka ndani ya maktaba yake. Mimi nilinakili video zote za harusi moja ya Masasi kwenye diski ya nje, nikasafisha kompyuta na kuweka Windows upya, nikiamini niko salama. Video zilikuwepo, lakini mpangilio wote wa siku tano ulikuwa umeondoka. Kila ukimaliza kazi, ingia kwenye orodha ya miradi, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, usafirishe mradi uwe faili la drp, kisha uliweke pamoja na video zake. Usilale kabla hujafanya hivyo. Kwa upande wa umeme kukatika, hapo naisifu: inahifadhi yenyewe kila unapobadilisha kitu. Taa zimezimika mara nyingi katikati ya kazi, na nikiwasha nakuta nilipoishia.

Kompyuta nayo lazima iwe na nguvu. Nilianza na ramu ya gigabaiti 8 na kadi ya picha iliyojengwa ndani, ikawa kila nikiweka rangi naambiwa kumbukumbu ya kadi imejaa. Nilipopata kompyuta iliyotumika yenye ramu ya 16 na kadi ya picha inayojitegemea, mambo yakatulia. Hata hivyo bado natengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video ambazo programu inazitumia wakati wa kukata, kisha inarudi kwenye video asili wakati wa kutoa kazi. Naianzisha naenda kula. Mwenye kompyuta dhaifu zaidi namshauri aanze na Shotcut au Kdenlive. Zote ni za bure, na hazidai nguvu kiasi hicho.

Kuna tatizo moja lililonitesa karibu mwaka, na dawa yake haikuwa Resolve. Kwenye nikaha huwa naweka simu kama kamera ya pili. Mwanzoni sauti ya shehe na midomo yake vinakwenda pamoja, lakini kufikia dakika ya arobaini sauti imeshatangulia. Nilikuwa nakata vipandevipande na kusogeza kwa mkono. Kumbe simu nyingi hazirekodi idadi moja ya fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, kwa sekunde. Zinapanda na kushuka, kwa mfano mwanga ukipungua, wakati programu ya kuhariri inategemea idadi isiyobadilika. HandBrake, programu ndogo ya bure isiyofika hata robo gigabaiti, inamaliza jambo hili. Fungua video ya simu, nenda sehemu ya video, chagua "Constant Framerate", andika 25 au 30 kulingana na mradi wako, na kwenye ubora weka namba 18 hadi 20, kwa kuwa namba ikiwa ndogo ndivyo picha inavyobaki nzuri. Badilisha kwanza, ndipo uingize kwenye Resolve. Tangu nianze hivyo, shehe hajawahi kutangulia midomo yake.

Toleo la bure lina ukomo wa picha ya 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, na hiyo kwetu inatosha na kubaki. Ninachokikosa ni kisafishaji cha chengachenga za picha za usiku, ambacho kipo kwenye toleo la kulipia la dola 295, malipo ya mara moja. Ngoma inayochezwa chini ya balbu moja inatoka na chenga nyingi. Nimejifunza kwenda na taa yangu na kuweka shata ya kamera 1 kwa 50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na taa haziwaki-zimiki tena kwenye picha. Kelele za upepo wa kusi pale ufukwe wa Shangani nazipunguza kwa kukata sauti za chini ya hezi 100, na hicho kipo bure.

Kwa sauti za kujazia natumia Freesound, hazina ya sauti ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Jisajili, halafu kabla hujapakua soma leseni ya kila sauti. Zilizoandikwa zisitumike kibiashara ziache, maana harusi unalipwa. Nilitafuta humo ngoma zinazofanana na za kwetu, zile za watoto wakitoka jandoni mwezi wa sita, na sikupata inayonitosheleza. Kwa hiyo niliwaomba wazee wa ngoma ruhusa nirekodi midundo ya nje tu, ile ambayo kila mpita njia anaisikia. Walijadiliana kwanza, wakanichagulia midundo mitatu. Ninayo kwenye diski, na ndiyo ninayoiweka sasa kwenye kila kazi ya sherehe hizo.