Mafunzo ya walinzi wa chuo, Tanga: getini wamefaulu, mabwenini bado

Mwaka huu uongozi wa chuo chetu cha kati hapa Tanga uliwapeleka walinzi wote, walioajiriwa na chuo pamoja na wale wa kampuni ya ulinzi, katika mafunzo ya siku tano ya kuzuia vurugu na ukatili chuoni. Yaliendeshwa na kampuni binafsi ambayo sitaitaja, kwa kuwa mkataba wetu nayo bado unaendelea. Nilikaa darasani kama msimamizi wa ulinzi, na tathmini hii nawaandikia maofisa utawala wa vyuo vingine wanaofikiria kununua huduma ya namna hii.

Kilichonipendeza ni kwamba mafunzo hayakuanzia kwenye kwata. Walinzi wetu wengi wamepitia mgambo au JKT, hivyo gwaride wanalijua. Wasilolijua ni namna ya kuzungumza na kijana aliyerudi saa sita usiku akiwa amelewa, hana kitambulisho, na nyuma yake wamesimama wenzake wanaomrekodi kwa simu. Mkufunzi mwenyewe aliigiza kuwa kijana huyo. Mlinzi wa kwanza alimkwida papo hapo, akaambiwa arudie. Safari ya pili alirudi nyuma hatua mbili, akakiacha kirungu kiunoni, akaiweka mikono mahali inapoonekana, kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, njoo tukae hapa kwenye benchi, wenzako watangulie kulala." Watazamaji walipoondolewa, ugomvi ulikosa wa kuushangilia. Zoezi hilo lilirudiwa na kila mmoja, na aliyelifanya vizuri kuliko wote ni mzee wetu wa lindo la usiku, mtu ambaye kwa kawaida salamu yake ni kuinua tochi tu.

Somo la sheria lilikuwa fupi lakini lenye manufaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, ila inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo ile desturi ya kumfungia mwizi wa laptopu kwenye kibanda cha geti hadi asubuhi, akipewa vibao vya hapa na pale, inaweza kumpeleka mlinzi mwenyewe mahakamani. Kitabu cha matukio nacho kimebadilika: zamani kiliandikwa "vurugu kidogo, zikaisha", sasa kinaonyesha saa, mahali, wahusika, mashahidi na aliyepigiwa simu.

Zoezi la dharura walilitangaza mapema kwa wanafunzi na wafanyakazi wote, jambo ambalo baadhi ya wenzangu waliliona kuwa linaua uhalisia. Mimi nawaunga mkono wakufunzi. Mwezi Novemba 2015, miezi michache baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu cha Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliigiza shambulio bila watu wengi chuoni kuwa na habari; watu waliruka kutoka ghorofani, wengi wakaumia na mfanyakazi mmoja akafariki dunia.

Upungufu upo, na si mdogo. Muda wenyewe ni finyu: jimbo la California nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998, liliweka kozi ya saa 24 kwa walinzi wa shule na vyuo vya umma vya ngazi ya kati, ilhali siku zetu tano, ukiondoa chai, sala na usingizi wa waliotoka zamu ya usiku, hazikufika hapo. (Chai ilikuwa nzuri, lakini hatukulipia chai.)

Kubwa zaidi ni kwamba karibu mafunzo yote yalimtazama adui kama mtu anayetoka nje. Jeanne Clery, mwanafunzi ambaye sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo kutangaza takwimu za uhalifu inabeba jina lake, aliuawa mwaka 1986 ndani ya chumba chake cha bweni, na muuaji alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyepita kwenye milango iliyoachwa wazi. Kwetu pia milango ya mabweni huegeshwa tofali ili wenzao wachelewao wasigonge. Mlinzi afanye nini binti anapomnong'oneza kwamba aliyekuwa mchumba wake anamfuatilia kila jioni? Amwambie nani, aandike nini, na siri ya binti huyo ailinde vipi kitabu kikiwa wazi mezani? Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hayo ni ya mshauri wa wanafunzi. Lakini saa tano usiku mshauri yuko kwake; aliyepo ni mlinzi, na ndiye alipaswa kufundishwa kumfikisha binti huyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa chuo ambacho shida yake ni vurugu za getini, huduma hii inastahili bei yake. Chenye mabweni kidai somo la ukatili wa ndani kabla ya kusaini, na kidai liandikwe kwenye mkataba. Sisi tumeliomba kabla muhula mpya haujaanza, na safari hii matroni nao watakaa darasani.