Vipuri vya elektroniki kwa baridi kali: ununue wapi, na hela uanze kuiweka wapi

Kisanduku changu cha kwanza cha kurekodi joto kilizimika usiku pale Kibo Hut, kambi ya Mlima Kilimanjaro, mita 4,720 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi jua lilipokipiga, kikawaka chenyewe. Mjini Moshi nilikijaribu wiki mbili mezani na hakikuleta shida yoyote. Tangu siku ile, kabla sijauliza bei ya kipuri natafuta kwanza kwenye datashiti yake (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji): kinavumilia baridi ya nyuzi ngapi?

Vipuri vya kawaida vinahesabiwa kuanzia nyuzi 0 hadi 70 za Selsiasi. Vya viwandani ni -40 hadi 85, na vya kijeshi -55 hadi 125. Kwa Kilimanjaro vya viwandani vinatosha kabisa. Kinachoponza watu ni kwamba tofauti hiyo hujificha kwenye tarakimu au herufi moja. Chipu ya kukuza mawimbi LM358 inaishia sifuri, ndugu yake LM258 inafika -25, LM158 inafika -55. Chipu ya kupima muda NE555 ni ya sifuri, SE555 ni ya -55. Chipu ya saa DS3231S ni ya kawaida. DS3231SN ndiyo ya -40. Kwa hiyo agiza kwa namba kamili, hadi herufi ya mwisho.

Hela nyingi iende kwenye betri, maana ndiyo iliyoniangusha. Betri ya lithiamu ya kuchaji usiichaji chini ya sifuri: lithiamu hujipaka kama metali ndani yake na betri inaharibika moja kwa moja. Ukiwa na sola mlimani, hilo litakupata alfajiri. Chaguo langu la kwanza ni lithiamu-thionili kloridi, kwa mfano Saft LS14500, inayofanya kazi hadi -60. Haichajiki, inatoa volti 3.6 ingawa umbo lake ni la AA, na haipendi kutoa mkondo mkubwa ghafla, hivyo kama kuna redio ya kurusha data weka kapasita (kipuri cha kuhifadhi chaji) kubwa pembeni. La pili ni Energizer Lithium ya AA, hadi -40. Alkalini ziache kwenye tochi ya nyumbani.

Baada ya betri, kapasita. Zile za elektroliti zina majimaji yanayozidi kuwa mazito kadiri baridi inavyoongezeka, hivyo hudhoofika. Za kauri chukua aina ya X7R. Aina ya Y5V inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Kisha saa: kristali ya kawaida ya 32.768 kHz, inayoongoza mwendo wa saa, ikikaa kwenye -10, inachelewa kama sekunde tatu na nusu kwa siku. Rezista, vipuri vya kuzuia mkondo, usihangaike nazo: baridi haiziathiri sana.

Sasa mahali pa kununua. Naweka mbele DigiKey, Mouser na Farnell: wanauza kwa idhini ya watengenezaji, na tovuti zao zinakuruhusu kuchuja kwa kiwango cha joto. Usafiri unauma, kwa hiyo agizeni kwa pamoja watu watatu au wanne. Wa pili ni LCSC ya China, bei nafuu sana, ila soma datashiti ya kila kipuri. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi nakwenda kwa waya, viunganishi, visanduku na hizo rezista.

Wa mwisho kabisa ni wauzaji wasiojulikana wa masoko ya mtandaoni. Niliwahi kununua kwa mmoja wao chipu kumi zilizoandikwa SE555. Nikachovya pamba kwenye asetoni nikasugua: maandishi yakatoka na rangi nyeusi, chini yake kukaonekana mikwaruzo ya msasa. Mtu alikuwa amefuta jina la zamani na kuandika jipya.

Hata ukinunua kwa aliye bora, kabla ya kupanda weka kisanduku kizima kwenye friza usiku kucha kikiwa kinarekodi, ndani ya mfuko uliofungwa. Friza nyingi za nyumbani hufika -18. Ukikitoa, kiache kipate joto kwanza ndipo ufungue mfuko, la sivyo unyevu utatanda juu ya saketi.