Mashine za kutafuta dhahabu: ipi itavumilia udongo wetu?

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji wa huku magharibi mwa Kenya yanafanana mno. Kijana wa Shinyalu amelipa mashine kwa pesa za miwa, ameiwasha shambani, na sasa ananiandikia: "Dada, inalia kila mahali." Akina mama wa chama kimoja cha Nyatike walichangishana mwaka mzima. Yao nayo inalia tangu uani hadi mtoni, na wamekwisha chimba mashimo hadi mgongo ukakataa. Mwingine wa Ramula anasema ya kwake imenyamaza kabisa, hata akiipitisha juu ya pete aliyoifukia mwenyewe. Wote wanauliza kama wameuziwa mbovu. Nikiwauliza aina ya mashine, nakuta wengi wao wana mashine nzima isiyo na hitilafu yoyote, ila haikutengenezwa kwa udongo wanaoukanyaga.

Kwa hiyo leo sitaanza na uzito, rangi ya kioo wala idadi ya milio. Hayo yameandikwa kwenye kisanduku. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho muuzaji hakitaji kamwe na mnunuzi haulizi: namna mashine inavyosawazisha udongo.

Ile sahani ya chini, koili, hutoa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika kwa kasi. Ikikutana na metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali hiyo, nayo hurudisha sumaku yake hafifu ambayo mashine huisikia. Shida ni kwamba udongo wetu nao unajibu. Una madini ya chuma, na baadhi yake yana sumaku. Mchimbaji yeyote anayajua: ni ule mchanga mweusi unaobaki chini ya karai ukishamaliza kuosha. Murram ina yake pia, na yapo mawe mazito yenye chuma yatakayoliza mashine kana kwamba umepata kitu. Kutafuta kipande kidogo cha dhahabu humo ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya posho mill inayosaga.

Mashine nzuri hupima kelele ya udongo, ikaiondoa, ikakuachia mnong'ono. Kuna zinazofanya hivyo zenyewe kila unapotembea. Kuna zinazokutaka uinue na kushusha koili, kutoka karibu na ardhi hadi usawa wa goti, huku ukirekebisha mpaka sauti ibaki ileile juu na chini. Na kuna zilizopangwa kiwandani mara moja tu, kwa udongo wa wastani wa nchi nyingine, na huna pa kushika. Kundi hili la tatu ndilo linalojaza madirisha ya maduka yetu.

Kabla hujamtafuta muuzaji, chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa karatasi ya plastiki, uiburute kwenye udongo mkavu wa mahali unapokusudia kutafuta. Ikiinuka na ndevu nyeusi, ardhi yako ni nzito na kundi la tatu halikufai hata ukipewa bure. Usiutegemee wekundu peke yake, maana kuna udongo mwekundu mtulivu na kuna wa kijivu ulio mkali.

Jambo la pili ambalo lazima niliseme kabla ya kupanga mashine: hakuna ditekta, yaani mashine hizi, inayoona unga wa dhahabu. Dhahabu nyingi ya Kakamega, Vihiga na Migori imejificha ndani ya mwamba wa kwatzi kwa chembe ndogo mno, ndiyo maana watu husaga mawe na kutumia zebaki, ambayo inawaharibu figo na mishipa ya fahamu. Rosterman wa Kakamega, uliofungwa mwaka 1952, ulikuwa mgodi wa kuchimba mwamba chini ya ardhi. Haukuwa uwanja wa kuokota vipande. Ditekta ni ya vipande unavyoweza kuviona kwa jicho na mawe yenye dhahabu iliyoshikana. Uliza wazee wa eneo lako: kuna mtu amewahi kuokota kipande mtoni au shambani baada ya mvua? Kama jibu ni hapana, na wote wanaishi kwa unga, pesa zako zipeleke kwenye karai na mfereji mzuri wa kuoshea.

Kama jibu ni ndiyo, tuendelee.

Ya kwanza kwangu ni Minelab Gold Monster 1000, na sitajifanya sina upande. Minelab ni kampuni ya Australia, nchi ambayo udongo wake una chuma kingi kama wetu, na hilo linaonekana katika kazi yao. Mashine hii husawazisha udongo yenyewe bila wewe kugusa chochote. Hutumia masafa, yaani kasi ya kubadilika kwa ile sumaku ya koili, ya kilohezi 45, na masafa ya juu namna hiyo ndiyo yanayoshika vipande vidogo. Inakuja na koili mbili, moja ndogo ya mviringo ya inchi 5 na nyingine ndefu ya inchi 10 kwa 6. Ile ndogo ndiyo utakayoipenda kwenye vichaka na kandokando ya mawe. Ina betri ya kuchaji pamoja na kasha la betri za kawaida, jambo kubwa kwa mtu anayelala mbali na umeme. Mwenye kuanza leo asubuhi anaweza kuitumia vizuri jioni. Kasoro yake ni kwamba huwezi kusawazisha kwa mkono hata ukitaka, na koili inaweza kuingia majini lakini kisanduku cha juu hakiwezi. Nje imekuwa ikiuzwa kati ya dola 800 na 1,000. Bei ninazotajiwa hapa nitazirudia.

Ya pili ni Nokta Gold Kruzer, ya Uturuki. Kilohezi 61, inaingia majini hadi mita 5, na inakupa njia zote: ijisawazishe, usawazishe kwa mkono, au ifuatilie udongo unapotembea. Anayefanya kazi ndani ya mto anaweza kuichagua hii kuliko ya kwanza nami sitambishia. Naiweka ya pili kwa sababu ina mipangilio mingi, na anayeanza huichezea mpaka akaivuruga.

Fisher Gold Bug 2 ya Marekani ni ya zamani na ina vitufe vya kuzungusha tu. Kilohezi 71. Inaona vipande vidogo ajabu. Lakini haijisawazishi, na udongo ukibadilika hatua chache mbele lazima uanze upya. Kwa mtu mvumilivu ni chombo cha maisha. Kwa mwenye haraka ni mateso.

Sasa zipo zile kubwa zinazotumia mapigo: hutuma nguvu ya sumaku, huzima, kisha husikiliza metali inavyofifia. Kelele ya udongo hufifia upesi zaidi, kwa hiyo udongo mkali hauzisumbui sana na zinafika chini zaidi. Minelab SDC 2300 na GPX 6000 ni za namna hii. Ni bora kuliko zote nilizotaja, na bado simshauri anayeanza kuzinunua. GPX 6000 imekuwa ikiuzwa karibu dola 6,000, yaani zaidi ya shilingi 700,000. Pia mashine za mapigo hazitenganishi vizuri chuma na dhahabu. Ukizipeleka karibu na Macalder au mgodi wowote wa kale utafukua kila msumari wa mabati uliodondoka tangu enzi za mkoloni. Chama chenye mtu mmoja aliyekwisha zoea kinaweza kufikiria SDC 2300.

Garrett ACE 250 na ndugu zake ni za kutafutia sarafu. Kilohezi 6.5, usawazishaji umefungwa kiwandani. Ni mashine ya heshima kwenye bustani ya shule, ila haifai hapa. Zile za njano na nyeusi za bei ya chini zisizo na jina la maana nazo ziko kundi hilo, na hazihitaji maneno zaidi.

Lakini kuna kundi ambalo linanikasirisha kweli: zile fimbo za antena zinazodaiwa kuonyesha dhahabu iliyo mita 30 chini na nusu kilomita mbele. Hakuna kitu ndani yake. Mwingereza James McCormick aliuza vijiti vya aina hiyo Iraki kama vitambua mabomu, vikiwa vimetokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Ditekta ya kweli itakuonyesha kipande cha gramu moja kwa inchi chache, kwa kawaida chini ya futi moja. Anayekuahidi mita anakuibia.

Na wauzaji hawa! Duka moja lilinikatalia kuwasha mashine nje ya mlango eti kisanduku kikifunguliwa nimenunua. Mwingine, kwa simu, alinitajia bei mara mbili ya ile ya nje, nikauliza kodi ni kiasi gani, akakata. VAT ni asilimia 16 na kuna ushuru na usafiri, naelewa, lakini hesabu hiyo haifiki mara mbili. Kisha kuna bandia. GPX 4500 na GPX 5000 za Minelab zimeigwa sana Afrika, hadi kisanduku na kijitabu, na ndani ni takataka. Ukiambiwa GPX 5000 kwa bei ya Gold Monster, hiyo si bahati yako. Omba namba ya mashine, iulize kampuni au wakala wake anayetambulika, halafu ndipo utoe M-Pesa.

Jaribio langu la kununua ni moja. Dhahabu huna, lakini risasi hulia karibu sawa nayo. Nunua risasi ya kuzamishia ndoano kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi Kisumu, kata kipande cha nusu ya punje ya mahindi, ukibandike kwenye kadi. Beba ndoo ya udongo wa kwenu hadi dukani, na usikubali ule wa maua yao. Fukia kadi inchi mbili. Mashine inyamaze juu ya udongo mtupu, ilie juu ya kadi, na ilie tena ukiipitisha kutoka upande wa pili. Isipofanya hivyo, ondoka.

Ukishaipata, punguza nguvu ya usikivu. Wanaoanza huipandisha hadi mwisho na ndipo "inalia kila mahali" inapoanza. Simu iache mbali, usitafute chini ya nyaya za umeme, vua buti zenye chuma. Koili iende sambamba na ardhi, karibu kuigusa, polepole, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Tumia hedifoni, kwa sababu kipande kidogo hakipigi kelele, kinabadilisha tu mvumo. Mlio wa kweli hurudi mahali palepale. Wa udongo huhama. Ukifukua, gawa udongo kwenye kikombe cha plastiki, pitisha nusu moja juu ya koili, tupa isiyolia, gawa tena. Usiige video za watu wa ufukweni wanaohangaika na chumvi, ziwa letu ni la maji baridi na shida hiyo hatuna.

Madini kwa Katiba ya 2010 ni mali ya umma hata yakiwa shambani mwako, na Sheria ya Madini ya 2016 ina kibali cha mchimbaji mdogo kinachotolewa ngazi ya kaunti. Kiulizie kabla ya kuingia shambani, na ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi. Kwenye risiti ya dukani pia yaandikwe mambo matatu: jina kamili la mashine, namba yake, na siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha. Muuzaji akisema hatuandiki hivyo, kuna maduka mengine.