Nililipia picha nane za Hogarth, mwisho wa hadithi haukuletwa

Jamani mnaoishi huku Uingereza na mnapenda picha za zamani, nisomeni kwanza kabla hamjaagiza kwenye hivi viduka vya mtandaoni. Muda kidogo umepita niliagiza seti ya A Rake's Progress ya William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa zamani, nakala za zile picha alizochapa 1735, picha nane zinazomfuata kijana Tom Rakewell tangu anarithi mali ya baba yake bahili mpaka anapoishia. Karatasi nzuri, wino umekolea, fremu safi, hapo siwasemi vibaya.

Nafungua boksi, ya tatu, ile ya ulevi usiku, iko mara mbili. Ya nane haipo.

Napiga simu, dada aliyepokea hata pole hana, ananiambia si zimefika nane, hayo ni mapambo ya ukutani, nani atakaa kuyahesabu? Nani atakaa kuyahesabu! Nilitetemeka mikono.

Ya nane ndiyo hadithi yenyewe! Kwenye ya tatu Tom kalewa wanawake wanamwibia saa, ya nne anakamatwa kwa madeni na anayetoa hela kumwokoa ni Sarah Young, binti yule yule aliyempa mimba akamkana, ya tano anamuoa bibi tajiri mwenye jicho moja, ya sita kamari inammaliza, ya saba jela, halafu ya nane yuko Bedlam, hospitali ya vichaa, karibu uchi, na minyororo, Sarah yuko pembeni analia na nyuma yao mabibi wawili waliopendeza wamekuja kutazama wagonjwa kama burudani. Ukiitoa hiyo ukaweka ulevi mara mbili, Tom anabaki kijana anayekula bata tu.

Na chini wamekata. Mashairi yaliyochongwa chini ya kila picha hayapo hata mstari mmoja, na kwenye harusi yule mbwa wa jicho moja, aliyewekwa makusudi afanane na bibi harusi, kabaki nusu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Hogarth mwenyewe alihangaika na watu wa hivi hivi. Seti yake ya kabla ya hii, A Harlot's Progress ya 1732, ilinakiliwa ovyo na wezi, akapigania sheria mpaka Bunge likaipitisha 1735, mchongaji wa picha za kuchapa akapata miaka 14 ya kuzuia wengine wasinakili kazi yake, na seti hii akaizuia isitoke mpaka sheria ianze kazi. Bado wezi wakawahi na za kwao.

Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa sababu ya fremu. Ila mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, Kiingereza hajui, akazipitia moja moja na kila kitu anaelewa, baba kafa juzi mtoto anapimwa suti, akafika mwisho akaniuliza, "Sasa mwanangu, yule binti mwenye mimba ikawaje?" Nikakosa cha kumwonyesha. Nyota moja. Wameahidi kutuma ya nane, ikifika labda nitaongeza, au hapana, siongezi, ile kauli ya simu bado iko kooni.

Jumamosi nikampeleka Sir John Soane's Museum hapa London, kuingia bure, zile za asili alizochora Hogarth kwa rangi ziko pale, kwenye chumba ambacho kuta zake zinafunguka kama milango ya kabati. Mama akasimama mbele ya ya nane muda mrefu, hasemi kitu.

"Kumbe alibaki naye," akasema.