Uzoefu wangu: makasha ya mipira ya besiboli na stika ya hologramu ya MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani)

Mimi ni shabiki tu wa Chicago Cubs, sinunui saini ili niuze. Nilizaliwa Tanga, nikaletwa Chicago nikiwa na miaka mitano. Baba aliondoka nyumbani akiwa Yanga damu, akakuta na huku mji umegawanyika: kaskazini Cubs, kusini White Sox. Akachagua Cubs, timu iliyokuwa haijachukua ubingwa tangu 1908. Mama alimwambia hayo amejitakia mwenyewe.

Alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo mechi za mchana za Wrigley Field, uwanja wa Cubs, zilimfaa. Tarehe 6 Mei 1998 alikuwepo, manyunyu yanaanguka na viti vingi vitupu, siku ambayo Kerry Wood, mrushaji wa Cubs, kijana wa miaka 20, aliwatoa wapigaji 20 wa Houston kwa staraiki (mpigaji akihesabiwa staraiki tatu, anatoka). Mimi nilikuwa darasani, na sijamsamehe mwalimu wa hesabu. Kipande cha tiketi ya siku ile ninacho. Siku hizi tiketi inakaa kwenye simu. Mechi ikiisha huna hata karatasi ya kumwonyesha mtoto.

Haya, makasha. Baba aliwahi kusainiwa mpira na Ernie Banks, nyota wa zamani wa Cubs, kwa kalamu ya wino wa bluu, pale mishono miwili inapokaribiana. Tukauweka kwenye kikombe cha chai, kwenye rafu ya dirishani, ili kila mgeni auone. Ukakaa hapo miaka na miaka. Banks alipofariki, Januari 2015, niliushusha nikakuta "Ernie" limepauka kabisa. "Banks" unaliona ukiinamisha mpira chini ya taa.

Kasha la kwanza nililonunua lilikuwa la bei ya chini, la vipande viwili vya kubana. Liliandikwa kwamba linazuia miale ya jua. Kabla ya mwaka kuisha plastiki ilikuwa na rangi ya samli, na kona moja ilipasuka nikiwa nafuta vumbi. Msidanganywe na maandishi ya kwenye boksi.

Baadaye nikanunua matatu ya akriliki nene, ya pembe nne, yenye kiti cha duara ndani ili mpira usibingirike. Safari hii nikayajaribu kwanza. Nilichukua mipira miwili ya kawaida, nikaisaini jina langu kwa kalamu moja, nikaiweka dirishani miezi sita: mmoja ndani ya kasha, mwingine wazi. Ule wa wazi ulipauka vibaya. Wa ndani ya kasha nao ulipauka, ila kidogo. Kwa hiyo kasha linazuia vumbi na vidole vya wageni (mafuta ya mikono huifanya ngozi ya mpira kuwa ya njano), lakini jua linataka kivuli. Mpira wa Banks sasa uko kabatini. Nyota nne.

Stika ya hologramu naipa tano. MLB walianza mpango huu 2001, baada ya saini bandia kujaa sokoni. Mhakiki, ambaye mara nyingi ni polisi au polisi mstaafu, anakaa karibu na uwanja na kuufuata mpira kwa macho mpaka aubandike stika yenye namba. Mimi nilinunua mmoja uliorushwa na Kyle Hendricks, mrushaji wa Cubs, msimu wa 2016. Ukiingiza namba kwenye tovuti yao unapata mechi, awamu (kila timu inapopata zamu ya kupiga), nani alirusha na nani alikuwa na gongo. Wangu una doa la udongo, na weupe wake si wa dukani, kwa sababu mipira hupakwa tope la kando ya mto Delaware kabla ya mechi ili isiteleze mkononi. Mtu akikuuzia "mpira wa mechi" unaong'aa kama yai, muage kwa heshima.

Kuna kitu kimoja kinachowaudhi wengi: mpira ulioudaka mwenyewe jukwaani kwa kawaida hauwezi kupata stika, kwa kuwa mhakiki ameupoteza machoni. Niliwahi kudaka mmoja, bahati mbaya ukiwa umepigwa na mchezaji wa timu ngeni hadi jukwaani. Desturi ya majukwaa ya nyuma ya Wrigley ni kuurudisha mpira wa namna hiyo. Watu walinipigia kelele mpaka nikaurusha. Bega liliniuma siku mbili.

Baba alifariki 2011. Tarehe 2 Novemba 2016, mechi ya saba ya fainali kule Cleveland, niliangalia nikiwa nimesimama: sare 6-6, mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, kisha Cubs wakachukua ubingwa kwa 8-7 katika awamu ya kumi. Wiki ile watu walikuwa wanaandika majina ya marehemu wao kwa chaki kwenye matofali ya Wrigley. Nami nikaenda. Jina la baba nililiandika kwa herufi kubwa, chini yake nikaongeza "Tanga", mama mmoja akanishikia mwavuli.

Kasha la Hendricks liko sebuleni, la Banks kabatini. La tatu lilikuwa tupu. Nimeweka kile kipande cha chaki.