Glaifoseti kwenye shamba la mahindi: inakuokoa jembe la kwanza, si la pili

Mvua za Machi zikikaribia, kuanzia Masindi hadi Kigumba na Bweyale nchini Uganda, chupa inayotoka haraka kwenye maduka ya pembejeo ni ya dawa ya majani, yaani ya kuua magugu. Tunayoipima hapa ni glaifoseti ya maji ya gramu 360 kwa lita, ikipigwa kwa pampu ya mgongoni ya lita 16 kwenye ekari moja ya mahindi. Jibu fupi: kwa kufungua shamba lililovamiwa na lumbugu, jembe na plau haviifikii kwa unafuu. Kwa palizi mahindi yakishaota, usiiguse. Haichagui, itaua mahindi pamoja na magugu.

Lumbugu, ambayo wengine huiita sangari, hutambaa chini ya ardhi kwa mizizi yenye vifundo. Plau ikipita hukata mzizi mmoja vipande vingi, na kila kipande chenye kifundo huchipua upya. Yaani umelipa mtu akupandie magugu. Glaifoseti huingia kwa jani bichi kisha hushuka pamoja na chakula cha mmea hadi mizizini. Kwa hiyo inataka jani. Shamba lililofyekwa jana halina mlango wa dawa. Fyeka, acha lumbugu irudi hadi urefu wa shibiri, ikiwa kijani na inakua, ndipo upige. Ukishapiga, kaa wiki mbili bila kulima. Siku ya tano utaona bado ni kijani, na hapa ndipo wengi hukosea: wanasema dawa ni feki, wanaingia na jembe, wanakata mizizi kabla dawa haijafika chini. Magugu ya msimu mmoja kama kishona nguo hayataki subira hiyo, wiki moja yatosha.

Kipimo ndicho kinachoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. Dukani utaambiwa "vifuniko viwili kwa pampu". Kifuniko cha chupa gani, na unatembea kwa kasi gani? Pima hivi: weka maji matupu kwenye pampu, chora mraba wa mita 10 kwa 10, upige kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Ekari ni karibu mara 40 ya mraba huo. Ukitumia lita 4, ekari itakula lita 160, sawa na pampu 10. Lumbugu inahitaji kama lita 2 za dawa kwa ekari, basi kila pampu ipate mililita 200. Jirani yako anayetembea haraka akitumia lita 3 kwenye mraba uleule, ekari yake itakula pampu saba na nusu, naye anahitaji karibu mililita 267 kwa pampu. Akiiga mililita 200 zako, ekari yake itapata lita moja na nusu tu. Hiyo yatosha kwa kishona nguo, ila lumbugu itakauka juu na kurudi baada ya mwezi.

Nozeli inayokuja na pampu nyingi ni ile ya kuzungusha, inayotoa ukungu wa duara. Hiyo ni ya dawa ya wadudu. Kwa dawa ya majani tafuta nozeli bapa inayotoa matone makubwa kwa umbo la feni, pampu isijazwe upepo kupita kiasi, na fimbo ikae kama nusu mita juu ya majani. Ukungu mwembamba hupeperuka hadi kwenye migomba ya jirani, na machipukizi ya mgomba hunywa dawa hii bila shida. Kwenye kahawa utaona majani mapya yakitoka membamba na ya njano. Mti haufi, lakini kesi kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, utaipata.

Kisha maji. Glaifoseti hushikamana na udongo kwa nguvu, na ndiyo sababu unaweza kupanda mapema bila mbegu kudhurika. Lakini sifa hiyohiyo hukugeuka ukichota maji ya kidimbwi yenye tope: dawa itashika udongo ndani ya pampu na kufika kwenye jani ikiwa imekufa. Majani yenye vumbi kando ya barabara ya murram hufanya vivyo hivyo. Ekari moja inataka jerikani nane za maji safi, zipange mapema. Piga umande ukishakauka na kabla upepo haujaamka, siku ambayo mvua haitarajiwi kwa saa sita. Usichanganyie kwenye ndoo ya bati wala chombo cha chuma kisichopakwa rangi ndani, kwa sababu dawa hula chuma na kutoa gesi inayoshika moto.

Dukani soma lebo, usisome bei peke yake. Chupa ya 480 huuzwa kama kali kuliko ya 360, na mara nyingine ni kweli: lita moja na nusu ya 480 ina gramu 720, sawa na lita mbili za 360. Lakini kama lebo inasema gramu 480 za chumvi ya isopropilamini, hiyo ni ileile 360 kwa jina jingine, na ukipunguza kipimo umejidanganya. Hakikisha muhuri wa kifuniko haujaguswa na namba ya usajili ya Wizara ya Kilimo ipo. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iache palepale. Na ukimimina kwenye maji, glaifoseti hubaki angavu. Yakigeuka meupe kama maziwa, umeuziwa dawa nyingine kabisa. Kabla ya kununua ya shamba zima, nunua chupa ndogo, piga kipande cha mita mbili kwa mbili chenye magugu laini, subiri wiki.

Sasa fedha. Kuchimba ekari ya lumbugu kwa jembe la mkono hula vibarua 15 hadi 25 wa siku moja. Kupiga dawa ni mtu mmoja, asubuhi moja, pamoja na kazi ya kufyeka na kubeba maji. Linganisha bei ya lita mbili na ujira wa kwenu, hesabu haitakuchelewesha. Ila kuna gharama zinazojificha. Kupanda kupitia matandazo ya nyasi kavu ni polepole. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, unachoma mashimo karibu 9,000. Nyasi zinazooza huvuta naitrojeni wiki za kwanza na mahindi hupauka, hivyo usiruke mbolea ya kupandia ya DAP: kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, kama gramu 5, ni kilo 45 kwa ekari. Palizi ya pili iko palepale. Yale majani matambazi yenye ua dogo la buluu, ambayo Waganda huyaita nnanda, hustahimili glaifoseti, na ukipiga misimu mfululizo bila jembe yatarithi shamba. Na ujira uliokuwa ukienda kwa kina mama wa lejaleja, yaani vibarua wa shambani, sasa unaenda dukani. Hilo halimo kwenye lebo, lakini kijijini linaonekana.

Kwa mazingira, faida ni moja na ni kubwa: udongo haugeuzwi. Nyasi zilizokufa hubaki juu, zinapokea tone la mvua badala ya udongo, na unyevu hukaa. Halafu mtu anachoma nyasi zile apande kwa urahisi. Kiberiti hicho kimekula nusu ya ulichonunua, maana sasa una udongo mtupu kama wa plau, pamoja na kemikali. Kwenye miteremko ya Bugisu na Kigezi usipige nyasi za kingo za matuta, ndizo zinazoshika mlima. Kando ya mto acha mita 30, mito mikubwa 100, kama kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinavyotaka. Sabuni inayochanganywa kwenye baadhi ya dawa hizi huua samaki na vyura.

Kuhusu afya ubishi haujaisha: IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya WHO, mwaka 2015 iliiweka kwenye kundi la zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukaongeza kibali chake kwa miaka 10. Wewe vaa gambuti, glavu na kitu cha kukinga macho hasa wakati wa kupima, kwa kuwa hapo dawa bado haijachanganywa na maji. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji yake yarudi kwenye pampu, kisha itoboe. Isiyotobolewa itaishia jikoni ikiwa na mafuta ya taa au ya kupikia.

Mwenye robo ekari ya mahindi, maharage, mihogo na migomba iliyochanganyika asinunue. Hakuna pa kupitisha fimbo bila kuua chakula chake, na jembe kwenye kipande hicho litamaliza kazi kwa siku chache.